Alikuwa wa Ngapi

Benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi lilichongwa kutokana na mlango mkuukuu, na kitasa chake hakikung'olewa, kwa hiyo aliyechelewa kufika ndiye aliyekalia kitasa. Ukuta wa kibanda ulilitilia kivuli tangu adhuhuri mpaka jioni. Hapo walikutana watu walewale kila siku ya Mungu. Mwenye kibanda aliitwa Wembe, ingawa siku hizi alinyoa kwa mashine. Jirani yake, fundi wa redio na vipaza sauti, aliitwa Waya. Mzee aliyeendesha malori mpaka macho yakamgomea aliitwa Gia. Na kilichowaunganisha wote ni birika la Mama Kahawa, mwanamke wa makamo aliyemimina kwanza na kusema baadaye. Wembe mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa. Alisimama ndani akinyoa, mlango wazi, akichangia mazungumzo huku kawapa mgongo.

Siku hiyo mashine yake haikupata kupoa. Kesho ilikuwa siku ya michezo shuleni, na hakuna mzazi anayependa mtoto wake asimame mbele za watu na nywele kama kichaka. Watoto walikuwa wakiingia na kutoka tangu masomo ya asubuhi yalipokwisha. Wembe alikuwa na namna yake ya kuwanyoa. Aliweka ubao juu ya mikono ya kiti, akamkalisha mtoto juu yake, akatandaza vidole vya mkono wa kushoto juu ya utosi kama mtu anayechagua tikiti, na kabla ya kuwasha mashine akasema neno moja tu: tulia. Mtoto alitulia. Kwa hilo alisifika, na akina mama walimletea hata wale watoto walioshindikana kwa vinyozi wengine. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kumkwaruza mtoto sikio.

Aliyemshinda ni wa kwake. Binti yake, aliyekuwa darasa la tatu, alinyolewa kwa kukimbizwa kibanda kizima, na tangu alipojua kusimama hakuna aliyemwona akitembea. Akitumwa chumvi alikimbia. Akiitwa kula alikimbia. Hata kulala alikwenda mbio, kana kwamba kuna mwingine angemuwahi kitandani.

Mwaka uliopita, siku kama hiyo ya michezo, alianguka katikati ya mbio akavunjika mkono, karibu na kiganja. Wembe alikuwa amesimama penye mstari wa mwisho, chupa ya maji mkononi. Mkono ulipokwisha kufungwa plasta alimshika mtoto wake, akaenda naye mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu, akasema yeye alikabidhi mtoto mzima na amerudishiwa mtoto nusu. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole, mwenye kuogopa maneno. Kwenye mkutano wa wazazi wa mwaka huu alitangaza kwamba michezo ipo kama kawaida, isipokuwa hakuna kukimbia. Watoto watatembea kwa haraka, na atakayeonekana miguu yote miwili imeachana na ardhi atarudishwa mwanzo. Mbio za magunia nazo zipo, ila magunia yatakunjwa tu, na atakayelikunja vizuri zaidi ndiye mshindi. Kamba itashikwa huku na huku bila kuvutwa. Wazazi watakaa mbali na wasiite majina ya watoto, maana mtoto akigeuka kumtazama mama yake anaweza kujikwaa. Wembe ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Basi mchana huo Gia alimaliza kikombe chake cha kwanza, akakipindua juu ya kisahani, akaanza.

— Wembe, mimi nauliza tu. Hiyo kamba ikishikwa bila kuvutwa, filimbi inapulizwa ya nini?

— Ya kuwakumbusha wasivute, alijibu Waya kwa niaba ya rafiki yake.

Kwenye ubao alikuwa amekaa msichana mdogo, na pembeni, kwenye kigoda, mama yake, mwanamke kijana aliyehamia mtaani karibuni kwa ajili ya kazi ya mumewe. Alikuwa ameingia kwa sauti ya chini, akaamkia kila mtu shikamoo, akakaa na mikono yake mapajani. Hakumjua mtu yeyote.

Gia akaeleza kuwa amelifikiria jambo hili usiku kucha, na ameona kwamba kosa si mbio, kosa ni msongamano. Malori yakifika kwenye mizani huachiwa moja moja. Watoto nao waachiwe mmoja mmoja, na asitoke mwingine mpaka wa kwanza awe amefika, ameegesha na amepoa. Mbele ya kila mtoto atembee mtu mzima mwenye kitambaa chekundu. Waya alitaka kujua michezo hiyo itakwisha lini. Gia akasema waliobaki kwenye foleni watakimbia mwaka unaofuata, tena ndiyo vizuri, watakuwa wameshakua na akili zimewaingia.

Waya hakukubali. Yeye alikuwa mtu wa mitambo, na kila shida duniani aliitafutia mtambo wake. Alisema tatizo liko chini, kwenye ardhi yenyewe. Zamani mtoto alianguka akadunda, akainuka, akaendelea na shughuli zake. Siku hizi chini kumefukiwa mabomba, nyaya na nondo mpaka ardhi imekuwa kama ile sumaku iliyo nyuma ya spika. Inavuta.

— Inavuta mtoto? aliuliza Mama Kahawa.

— Inavuta chuma. Na damu ina chuma, muulize daktari yeyote. Mwenye damu nyingi ndiye anayeanguka kwa kishindo. Asiye na damu haanguki.

— Asiye na damu ndiye anayeanguka kuliko wote, baba. Anazimia.

Gia alicheka mpaka akakohoa. Hata yule mgeni akainamisha uso kuficha tabasamu. Ndani, Wembe alichomoa kitana cha plastiki kwenye mashine ili abane kingine kidogo zaidi. Kitana kilipoingia mahali pake kikalia, tak, naye akasimama hivyohivyo, mashine imezimwa, akitazama ukutani.

— Chekeni, akasema. Ninyi hamkuusikia ule mlio.

Kicheko kikakatika. Wembe akawaambia, bila kugeuka, kwamba mkono wa mtoto ukivunjika hulia kama kitu kidogo tu, kitu kisicho na thamani, na hicho ndicho kinachomtisha. Kwamba kila anapobana kitana kwenye mashine mlio ule humrudisha uwanjani, na siku ya kazi anabana vitana mara nyingi kuliko anavyokunywa maji. Akasema kama kuna mtu anaona sheria ni nyingi, yeye anaziona chache.

— Mwacheni, alisema Mama Kahawa. Kila mtu hapa ana kitu chake asichotaka kukisikia mara ya pili.

Akamimina kahawa, akaipeleka mwenyewe mpaka ndani, akaiweka karibu na kioo. Kisha Gia akazungumza, safari hii kwa sauti ya mtu asiyetafuta ugomvi.

— Mimi, Wembe, nimeogopa mwendo maisha yangu yote. Mteremko wowote nilishuka na gia ya kwanza, ndiyo maana wenzangu wakanibandika jina. Ajali niliyopata ni moja. Lori lilikuwa limeegeshwa. Mimi nimekaa pembeni, namenya chungwa.

— Likafanyaje?

— Likaondoka lenyewe.

— Unataka kusema nini, mzee wangu?

— Sitaki kusema kitu. Nakusimulia lilivyoondoka.

Hapo Wembe akageuka. Pengine ni ile kahawa, pengine ni lile lori la Gia. Akawaeleza jambo ambalo alikuwa nalo kifuani tangu asubuhi. Kwamba alipokuwa anajiandaa kuja kazini, binti yake alizitoa raba zake uvunguni, akazifunga pamoja kwa kamba zake, akapanda kigoda na kuzirusha juu ya kabati. Akasema kesho hatakwenda. Hakulia wala hakununa. Alisema kama mtu mzima anayesema leo hapiki. Wembe alipomuuliza sababu, mtoto alimjibu kwamba darasani hawamwiti tena kwa jina lake. Wanamwita Sheria. Akipita uwanjani wenzake huambizana: tembeeni, Sheria anakuja.

Waya akaweka kikombe chini. Gia akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

— Na siku hizi anatembea kweli, akaongeza Wembe. Anapita kando ya mtaro, mkono ukutani, kama nilivyomfundisha. Nilikuwa nafurahi. Nilidhani amekua.

Gia alisema kitu kimoja tu kimebaki. Mwalimu mkuu hunyolewa hapo kila inapokaribia shughuli ya shule, na leo jioni lazima aje. Wembe atakuwa na kichwa chake mkononi na shuka shingoni mwake. Hakuna mtu anayebisha akiwa katika hali hiyo. Amwambie neno moja tu, warudishe mbio, na kesho mtoto aende na wenzake.

— Nimwambie warudishe mbio, halafu binti yangu avunjike mkono wa pili?

— Nimwambie asirudishe, halafu? alisema Mama Kahawa taratibu, kama anayemmalizia sentensi.

Wembe akarudi kwa msichana wa kwenye ubao, akamwekea mkono utosini, akawasha mashine.

Waya, ambaye hakuweza kuvumilia jambo likae bila ufumbuzi, akajitolea kuokoa hali. Alisema hakuna sababu ya kuchagua kati ya mkono na mbio. Michezo ifanyike kwa redio. Watoto wakae majumbani kwao, kila mmoja kwenye kochi na wazazi wake. Yeye Waya atamfungia mwalimu mkuu vipaza sauti juu ya paa la shule, na mwalimu mkuu atatangaza: wa kwanza fulani, wa pili fulani. Wazazi watapiga makofi humohumo ndani.

— Atajuaje wa kwanza ni nani? aliuliza Gia.

— Anawafahamu watoto wake. Atapanga.

— Mtoto akiruka kwa furaha aanguke kwenye kochi?

Waya alifikiri. Akasema basi mashindano yawe ya kulala. Watoto wote walazwe, na atakayelala fofofo kuliko wenzake achukue kombe. Mama Kahawa akasema baba wa watu hapo ndani ataogopa mtoto asidondoke kitandani. Gia akasema walale chini.

— Chini haiwezekani, alisema Waya kwa huzuni. Chini tumeshasema kuna sumaku.

Walicheka, lakini si kama mwanzo. Kilikuwa kicheko cha watu waliozunguka mtaa mzima wakajikuta wamerudi palepale walipoanzia. Hapo yule mama kijana kwenye kigoda akainua kichwa. Alisafisha koo mara moja kabla sauti haijatoka.

— Samahani, kaka. Huyo mtoto alikuwa wa ngapi?

— Wa ngapi kivipi, dada?

— Kwenye mbio. Alipoanguka alikuwa wa ngapi?

Wembe akazima mashine.

Swali lilikuwa dogo, na jibu alidhani analo. Alikuwa amesimama penye mstari wa mwisho, mahali ambapo mtu huona vizuri kuliko popote. Akafumba macho kulitafuta. Aliona vumbi. Aliona soksi moja imeshuka mpaka kwenye kisigino. Aliona uso wa binti yake ukiinuka kutoka chini na mchanga kwenye nyusi, chupa ya maji ikibingirika, kifungo cha shati la mwalimu aliyembeba. Alikuwa ameitazama picha ile kila usiku kwa mwaka mzima, akaijua mpaka kwenye pembe zake. Mbele ya mtoto hakukuwa na mtu. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Ilikuwa kama alikwenda uwanjani peke yake kwa ajili ya kuanguka.

— Gia, wewe si ulikuwepo?

Gia alikuwepo, tena karibu, kwenye kamba. Alisema alichoona ni kuanguka. Waya alikuwepo, kwani vipaza sauti vilikuwa vyake, ila wakati huo kichwa kilikuwa ndani ya kasha, akitafuta kwa nini sauti inakoroma. Mama Kahawa alikuwa akiwamiminia walimu. Alisikia mtoto akilia, akamwaga birika zima miguuni kwake, na kovu analo.

— Na aliyeshinda ni nani? aliuliza yule mama.

Walitazamana. Hakuna aliyeshinda. Watu wazima wote waliingia uwanjani kwa pamoja, Wembe mbele yao, na watoto waliokuwa bado wanakimbia wakajikuta wamezingirwa na miguu ya wazazi. Mbio hazikwisha. Siku ile ilifungwa hapo, na tangu hapo hapakuwa na mtu aliyezitaja.

— Nisamehe, kaka, mimi ni mgeni, alisema yule mama. Wangu akitoka kwenye mbio ndilo ninalomuuliza. Sikujua kama kuna ubaya.

— Hakuna ubaya, dada, alisema Wembe. Hakuna ubaya hata kidogo.

Mama Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Gia. Tone moja likatoka, likaning'inia mdomoni mwa birika, likaanguka. Kahawa ilikuwa imekwisha, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika.

Ni saa hiyohiyo watoto wa masomo ya mchana walipotoka. Binti wa Wembe hupitia kibandani kila siku kuchukua ufunguo wa nyumba. Wakamwona anakuja kutoka mbali, mkoba mgongoni, anapita kando ya mtaro, mkono mmoja ukiambaa ukutani. Wenzake walimpita kwa makundi katikati ya njia. Wembe akachukua ufunguo msumarini, akasema samahani kwa yule mama, akatoka na joho lake la kazi, nywele za watu zimemganda mikononi. Hakumngoja afike. Alimfuata.

Walikutana penye nguzo ya umeme, mbali kidogo. Benchi zima liliona Wembe akichutama mpaka akawa kimo kimoja na mtoto, akasema neno fupi. Mtoto alimtazama. Akaendelea kumtazama, kama mtu anayehakikisha kwamba ameulizwa yeye. Kisha akavua mkoba, akauweka chini.

Maneno hayakufika kijiweni. Kilichofika ni mikono. Mikono ya yule mtoto iliinuka, ikapanga watu kulia na kushoto, ikaonyesha mmoja mrefu, ikaonyesha mmoja anayeachwa nyuma. Aligeuka, akaonyesha kona. Aliinama, akaonyesha jinsi alivyokaza mwendo. Mkono uliovunjika ulifanya kazi sawasawa na mwenzake. Mwishoni aliinua vidole juu, mbele ya uso wa baba yake.

— Kimoja, alisema Gia.

— Viwili, alisema Waya. Viwili, mzee, nimeona.

— Wewe kichwa chako huwa kwenye kasha. Ni kimoja.

— Jua liko nyuma yake, alisema Mama Kahawa. Hamjaona kitu, wote wawili.

Wakati wanabishana, mtoto alikuwa ameshageuka. Aliondoka kuelekea nyumbani, katikati ya njia, mkoba kauacha chini, akawapita wenzake kundi baada ya kundi, na vumbi likainuka nyuma yake. Wembe alisimama. Mkono wake wa kushoto ulinyooka mbele, vidole vimetandazwa kama vile anavyoviweka kwenye utosi, na mdomo wake ulikuwa wazi. Neno halikutoka. Mkono ukashuka polepole, ukatulia ubavuni.

— Ufunguo, alisema Mama Kahawa. Kaondoka bila ufunguo.

Wembe naye alikuwa ameuona, uko kwenye kiganja cha pili. Akawageukia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa mtaa kwamba mwalimu mkuu akija akae amsubiri, asinyolewe na mtu mwingine, ana neno naye kuhusu kesho. Kisha akaokota mkoba, akaubana kwapani, akakimbia. Joho likajaa upepo. Alikimbia vibaya, kama mtu aliyesahau magoti hukunjwa upande gani, lakini alikimbia.

Yule mama kijana alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake, juu ya ubao, binti yake aliyenyolewa nusu kichwa alikuwa bado ametulia kama alivyoambiwa, macho tu ndiyo yaliyokuwa yakitazama nje. Mama yake alimgeukia, akamwambia ashuke aje aone.

Gia alikuwa ameinuka kwenye kitasa, kakinga mkono juu ya macho yake mabovu.

— Safari hii nimeona mwenyewe, akasema. Wembe ni wa pili.